Weusi Niliokuwa Nikiufuta

Mwaitu,

Ukisoma hii utakuwa umerudi kutoka kijijini Tulia kumuaga susu, mama yangu uliyerithi jina lake, na bila shaka atakuwa amekufungia mfuko mzito wa ndengu pamoja na kuku ambaye mama yako atakataa kata kata usafiri naye. Mimi niko studio. Nimefunga mlango nusu na kuning'iniza kile kikadibodi cha "Narudi", ingawa sijaenda popote. Ni saa kumi, soko la Migwani limeanza kupungua, na nimekaa kwenye kiti cha wateja kwa mara ya kwanza tangu nikinunue. Nimegundua hakikaliki. Kuna ubao umelegea hapa upande wa kulia, unambana mtu nyama. Miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu wakae wima na watabasamu, na hakuna hata mmoja aliyeniambia. Watu wa kwetu wana adabu kupita kiasi.

Mambo ya gesi, ya maji ya kunywa, ya kufuli mbili mlangoni na ya kutafuta kanisa mapema, mama yako ameshakwambia, na kesho asubuhi atayarudia yote kuanzia mwanzo. Sitaongeza. Nina jambo moja tu, nalo ni ile picha yako ya darasa la nane iliyo sebuleni. Kesho unakwenda mjini Wote kuanza kazi ya kupiga watu picha, na mimi baba yako, ambaye nimefanya kazi hiyo hiyo tangu kabla hujazaliwa, sina picha yako nyingine hata moja. Hiyo moja niliyo nayo si wewe. Nataka nikueleze ilivyokuwa, halafu nikuombe kitu.

Nimejaribu kukwambia kwa mdomo mara nne wiki hii. Unanijua, nikifika kwenye neno lenyewe naingiza mzaha. Mara ya mwisho ilikuwa jana kwenye kibaraza, nikavuta pumzi, nikakuita jina, ukageuka, nikakuuliza kama umebeba chaja. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Nianze na ukuta, kwa sababu kila kitu kilianzia hapo. Nilipokodi chumba hiki kilikuwa chembamba kama kilivyo sasa, mtu akinyoosha mikono miwili anakaribia kugusa kuta zote mbili. Nilikipaka rangi kama kila mtu anavyopaka duka hapa kwetu, chini rangi ya mafuta ya kahawia iliyokolea, juu rangi ya maziwa. Sisi watu wa vumbi jekundu tunajua ukuta mweupe haumalizi mwezi. Mteja ataegemea, mtoto atapangusa mikono, na upepo wa Agosti utamalizia. Basi mimi nikajiona mjanja zaidi ya wenzangu. Nikaipandisha ile kahawia mpaka juu ya kichwa cha mtu aliyesimama, ili nisishike brashi tena mpaka nizeeke. Ilikuwa inang'aa mpaka unajiona. Niliwaita majirani waje waone, na mama yako, ambaye tulikuwa tumeoana juzi tu, akasema imekaa kama hoteli. Niliona fahari siku hiyo, sikufichi.

Wakati huo watu walipigwa picha mbele ya lile pazia lenye maporomoko ya maji, na hakuna aliyelalamika. Shida ilianza walipotaka nyuma pawe peupe. Kwanza zilikuwa picha za fomu, halafu maharusi, halafu viongozi wa kanisa, kila mtu anataka kweupe. Nikanunua pazia jeupe, nikaliwekea taa zake mbili. Picha ya kwanza kabisa ilikuwa ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Uso wake mbele ulikuwa sawa, nyuma kweupe kama nilivyotaka, lakini pembeni mwa mashavu, kwenye masikio na mabegani, kulikuwa na utepe mweusi uliomzunguka kana kwamba amechorwa kwa makaa. Aliiangalia sana, akaniuliza kwa upole kama nilimkata kutoka picha nyingine nikambandika pale.

Sikulala vizuri. Nilisafisha lenzi mpaka nikaogopa nitaichubua. Nilibadilisha taa. Nikafikiri pazia halijawa jeupe vya kutosha, nikalimulika zaidi na zaidi, mpaka wateja wakawa wanatokwa machozi, na kingo zikazidi kuwa nyeusi. Nikaamua wachapishaji wa kule Kitui mjini ndio wananiharibia kazi. Nilikwenda kugombana nao. Kijana wa pale kaunta alinionyesha kwenye kompyuta yake kwamba weusi ulikuwemo tayari ndani ya kazi yangu mwenyewe niliyomletea, na mimi nikamwambia kompyuta yake ni chafu. Nilichunguza kila kitu, mwaitu, isipokuwa kile nilichokuwa nimekipaka kwa mikono yangu.

Halafu nikaanza kuwashuku watu. Hapa ndipo ninapoona aibu, lakini nitaandika tu. Niliona kwamba mtu mweupe mweupe alitoka na utepe mwembamba, na mtu mweusi alitoka na ukingo mnene. Badala ya kujiuliza ni kwa nini, nikapata jibu la haraka, kwamba shida ni weusi wao. Nikanunua poda nikaiweka kwenye droo. Niliwapa watu kwa sauti ya chini, kwa heshima, "Mama, jipake kidogo hapa pembeni, kamera inasumbuka," na wao walijipaka. Hiyo heshima yangu ndiyo inayoniuma kuliko kitu kingine. Laiti ningekuwa mkali, labda mtu angegombana nami, na ningeacha mapema.

Poda haikutosha. Nikajifunza kufuta kwenye kompyuta. Nilikuwa nafuata ule utepe polepole na kuufuta, na pamoja nao nikafuta vipande vya masikio, nywele, mabega ya makoti. Ukifuta pembeni, katikati panaonekana peusi zaidi kuliko ukingo, kwa hiyo nikawa nang'arisha na uso wote ili ulingane. Watu wengi walishukuru. Wengine walirudi kuleta ndugu zao. Hilo nalo lilinipoteza, maana mtu akishukuriwa kwa kosa analifanya kwa bidii.

Ulikuwa darasa la nane, na miaka kumi na tatu. Mama yako alipiga pasi shati lako mara mbili, ukakaa kwenye kiti hiki hiki na miguu yako haikugusa sakafu vizuri. Ulikuwa hutaki kucheka kwa sababu ya lile pengo la meno, halafu ukacheka mwishoni niliposema kamera imeishiwa chakula. Jioni yake nilikaa kuitengeneza picha na wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu ukila ndizi. Ulitazama kwa muda. Halafu ukauliza, "Baba, unatoa nini hapo?"

Nikasema, "Weusi tu, mami. Umezidi hapa pembeni."

Uliacha kutafuna. Nilisikia umeacha. Ukauliza, "Na hapo katikati?" Kwa sababu nilikuwa nimeshafika kwenye shavu.

Nikasema, "Hapo naweka tu ifanane."

Nilimaliza, nikaichapisha kubwa, nikaitia fremu ya rangi ya dhahabu. Wageni waliokuja nyumbani walisema binti yangu amependeza, na mimi nilikuwa nawajibu kwamba kamera haidanganyi. Hebu fikiria.

Ni susu peke yake aliyekataa. Alikuja kutoka Tulia wakati wa Krismasi, akasimama mbele ya ile picha na fimbo yake, akauliza kwa Kikamba mtoto huyu ni wa nani. Nikacheka, nikamwambia ni Ndanu, ni jina lako, ni wewe mwenyewe huyo ukiwa msichana. Kwetu si jambo la mchezo hilo, ndiyo maana nakuita mwaitu, yaani mama. Ulipozaliwa alikushika mikononi akaniambia sasa hana haja ya kuogopa kufa, kwa sababu amekwisha kurudi. Aliitazama tena picha, akasema, "Hapana. Mimi siko hapo." Akachukua kikombe chake cha chai akaenda kukinywea nje. Nilimwambia mama yako kwamba wazee hawaelewi picha za siku hizi. Wewe ulikuwa umebeba trei mlangoni, na nilikuona, na nikaendelea kuongea.

Tangu siku hiyo hujawahi kukaa mbele ya kamera yangu. Picha za fomu zako za kidato cha nne ulikwenda kupigwa Kitui mjini, ukaniambia shule ndiyo ilipanga hivyo. Nilijua shule haikupanga kitu. Kwenye harusi ya shangazi yako ulininyang'anya kamera ukasema, "Baba, nenda ukae na watu, mi nitapiga," na mimi nikafurahi kama mjinga. Nilizunguka nikiwaambia watu mtoto wangu amerithi mkono wangu. Sikuelewa kwamba nyuma ya kamera ndipo mahali pekee ambapo kamera haikuoni.

Lakini mkono unao, hilo nalisema si kwa kukufurahisha. Ulipomaliza chuo na kazi ikakosekana, ukawa unakuja hapa studio kila siku, unafagia, unapanga waya zangu, na unatazama. Unatazama sana, mwaitu. Nilikuwa naona macho yako yanatoka kwa mteja yanakwenda ukutani, yanarudi kwa mteja, na nikajua kuna kitu umekiona, na sikutaka kukusikia ukikitaja.

Ndipo alipokuja Mama Kavata. Unamjua, lakini nitaandika kama mtu asiyemjua, ili nisijifiche. Anauza ndengu na mbaazi pale sokoni mkabala na posho mill ya kusaga unga, ni mweusi wa kung'aa, na mwaka huo akina mama wa kanisa walikuwa wamemchagua mwenyekiti wao. Walitaka picha yake nzuri iwekwe kwenye kalenda ya kanisa. Alikuja na kitenge kipya na kilemba. Nikampa poda. Akakitazama kile kikopo, akakifunga, akakirudisha kwenye droo yeye mwenyewe. Nikampiga picha hivyo hivyo kwa hasira kidogo, nikafuta, nikang'arisha. Aliporudi kuichukua, aliishika mbali na macho, akaniambia, "Hii peleka kwa mwenyewe. Nirudishie uso yangu."

Nilimpiga picha mara ya pili, akakataa tena. Mara hiyo nilimjibu vibaya. Nilimwambia kamera haiwezi kutengeneza mwanga mahali ambapo hakuna. Wewe ulikuwa pale ukikunja pazia. Alipoondoka ukasema, kwa ile sauti yako ya taratibu, "Baba, si yeye. Ni hizi ukuta. Ngozi yake inang'aa, sasa inaonyesha chenye iko karibu na yeye. Hapa pembeni kuna brown tupu, ndio inaonekana kwa mashavu." Ukasema tuweke kitu cheupe kila upande, hata magunia. Nikakuambia hii ni studio, si ghala la ndengu. Nikakuambia nilikuwa napiga picha kabla hujajua kupangusa kamasi. Ulichukua sweta yako ukatoka, na kwa majuma matatu ulikuwa unakuja, unafagia, husemi kitu.

Siku ile niliyokwenda mazishi Kitui, ulifanya ulivyotaka. Nilirudi mapema kuliko nilivyosema. Nilipofungua mlango nilikuta magunia meupe ya nailoni yamepasuliwa na kutandazwa, yamening'inizwa kwenye waya kwa vibanio vya nguo vya mama yako, ukuta huu na ukuta ule, kutoka dari hadi chini. Kiti kilikuwa kimevutwa hatua mbili mbele ya pale kinapokaa siku zote, na taa moja ya pazia ulikuwa umeizima. Mama Kavata alikuwa amekaa katikati ya magunia yenye alama ya mahindi, anacheka. Ulinionyesha picha kwenye kioo cha kamera. Nyuma palikuwa peupe. Na yeye alikuwa pale mzima, mpaka ukingoni, na mashavu yake yalikuwa na mstari mwembamba wa mwanga pande zote mbili, na masikio yake yalikuwepo, na weusi wake ulikuwa mzuri namna ambayo sijawahi kuuona, ingawa nilikuwa nimemwona mwanamke huyo kila siku ya soko.

Nikasema, "Ni bahati."

Ndilo neno nililokupa. Uliinamisha kichwa ukaanza kuvitoa vibanio, kimoja kimoja, ukivihesabu visipotee.

Kesho yake nilikuja alfajiri peke yangu. Nilijipiga picha mwenyewe bila magunia, weusi ukawepo. Nikayaning'iniza, nikajipiga tena, hakuna. Nikayashusha, upo. Nikayapandisha, haupo. Nilirudia mpaka betri ikaisha. Halafu nilikaa pale kwenye ngazi ya mlango nikawakumbuka watu. Sikukumbuka picha, nilikumbuka watu. Yule mwalimu. Bibi harusi mmoja aliyejipaka poda mpaka shingoni huku akiniomba radhi kwa usumbufu. Nikakukumbuka wewe na ndizi yako. Nililia, mwaitu, kwa sauti, na mwenye duka la nafaka la jirani akaja kuuliza kama kuna msiba, nikamwambia ni rangi imeniingia machoni. Kumbe siku hiyo hata sikuwa nimenunua rangi. Nilinunua baadaye, nikapaka chumba chote cheupe, chini na juu.

Na bado sikukwambia. Hilo ndilo kosa ninaloliona kubwa kuliko ukuta. Watu walipoingia wakasema picha zangu zimebadilika, nilisema nimeweka taa mpya. Ulikuwa umesimama hapo hapo. Hukunikanusha. Ukamwambia mteja asogee mbele kidogo.

Sasa nikueleze usichokijua. Yule mwenye studio ya kule Wote, ambaye unafikiri alikupata kupitia rafiki wa chuo, alikuwa ameona ile kalenda ya kanisa kwa shemeji yake. Akatafuta namba yangu, akapiga. Aliuliza ni nani aliyempiga picha huyu mama. Nikasema ni mimi. Alinisifu mpaka nikaona aibu, na aibu yenyewe nikaifurahia. Akasema anatafuta mtu wa kufanya kazi ya namna hiyo kwake, watu wa ofisi za kaunti wanataka picha za kweupe kila siku, na zake zinamtoka na kingo nyeusi hajui afanyeje. Nilimwambia nitafikiria.

Kwa siku tatu nilijilaza kitandani kila jioni kabla ya chakula. Mama yako akadhani ni malaria. Siku ya nne nilikwenda nyuma ya duka la nafaka usinisikie, nikampigia, nikamwambia, "Ndugu, nilikudanganya. Ile picha ni ya binti yangu." Nilidhani atanitusi. Akauliza, "Na huyo binti anaweza kuja?"

Mwaitu, hapo nilitamani ningenyamaza. Nilikuona kwa dirisha la nyuma unapangusa lenzi. Nilijua nikisema ndiyo, sitakuwa na mtu wa kuniambia kiti kimekaa vibaya. Nikasema, "Anaweza." Kisha nikampa jina la yule rafiki yako ili aanze kwake, usijue kama nilihusika, kwa sababu niliona haya kukwambia mwanzo wake. Sijutii kusema. Ila najua sasa kwamba kufanya jambo zuri kwa kujificha ni kufanya nusu yake tu.

Kule Wote utakuta chumba kingine chenye ukuta wake, na mwenye ukuta anaupenda. Wataalamu wa kila namna hukimbilia taa kwanza. Wewe zunguka, tazama kuna nini pembeni, sogeza kiti mbele, punguza mwanga wa nyuma kabla ya kuuongeza. Lakini hayo unayajua kuliko mimi. Ninachoweza kukuambia ni kile ambacho hukijui kwa sababu hujakosea bado vya kutosha: siku moja utachoka, mteja atarudisha picha mara ya pili, na utasikia ndani yako sauti inasema shida ni yeye. Itakuja kwa heshima, kwa sauti ya chini, na itakuwa na kikopo cha kitu mkononi. Mimi niliisikiliza miaka mingi. Ikija, toka nje ukanywe chai, halafu rudi uanze na chumba.

Na mwenye studio akikataa kukusikia, usiwe mkali, lakini usifagie kimya kimya kama ulivyonifagilia mimi. Sikulaumu. Nilikufanya uone kwamba kusema hakuna faida. Ila huyo si baba yako, hakudai heshima ya kunyamaza. Sema mara ya kwanza, na mara ya pili. Mara ya tatu, magunia unayajua.

Leo mchana, mama yako alipokwenda sokoni, niliitoa ile picha sebuleni. Nimeiondoa kwenye fremu. Halafu nikaiwasha ile kompyuta ya zamani, iliyokohoa nusu saa kabla ya kukubali, nikaitafuta ya asili, ile niliyoipiga kabla sijaigusa. Ipo. Nimekaa nayo tangu saa nane. Pembeni mwa masikio yako kuna vitepe viwili vya kahawia, ni ukuta wangu huo. Vingine vyote viko sawa, havikuwa na shida hata kidogo. Paji la uso ni la susu. Kuna ile alama juu ya nyusi ulipoanguka kwenye jiwe la kufulia, nami nilikuwa nimeifuta pia, sikumbuki hata kuifuta. Unacheka na pengo lako. Umetazama moja kwa moja kwa mtu aliye nyuma ya kamera, na unamwamini.

Nisamehe. Nimeliandika neno hilo kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kikamba lingenitoa machozi tena, na mwenye duka la nafaka ameshanichoka. Ulikuwa mzuri. Hukuwa na kitu cha kutolewa. Ningetaka kuitundika hiyo ya asili, lakini uso ni wako, na safari hii sitagusa kitu bila kukuuliza. Mama yako akiuliza fremu iko wapi, nitamwambia ukweli wote mwenyewe, hiyo si kazi yako.

Ombi langu ni hili. Gari lako ni la saa mbili asubuhi. Kesho saa kumi na mbili na nusu nitakuwa hapa, nimefungua mlango wote, nimepanga kiti mahali unapotaka wewe kikae, na ule ubao nitakuwa nimeupigilia. Ukipenda, pita ukae, nikupige picha moja, na hiyo picha utaitazama wewe kwanza, na ukisema ifutwe nitaifuta yote, sitabakiza kipande. Usijipake kitu kwa ajili yangu. Na kama huwezi, mwaitu, kama bado ni mapema, usiniambie sababu, wala usione vibaya. Nitafunga mlango nije nikubebee begi mpaka stendi. Ila twende polepole, na uniruhusu nikutazame njiani, kwa sababu miaka hii yote nilikuwa naangalia kingo tu.

Baba yako